Gamba la Droo ya Saba

"Shoga, yule mzee ana lake jambo," alininong'oneza jirani yangu, fundi cherehani. "Kila asubuhi anapiga mswaki mawe. Mawe! Na meno mwenyewe hana."

Mtaa mzima ukamwita Mzee Mswaki. Lakini mimi na yeye kibaraza chetu ni kimoja, na ninaponyonyesha macho yangu hayana kazi, basi nikawa naangalia. Alikuwa mtunza makabati wa makumbusho. Baada ya kustaafu waliendelea kumletea magamba yaliyogeuka mawe, yaliyojiviringisha kama kamba, ayasafishe na kuyapanga kwa aina.

"Si konokono hawa," aliniambia. "Ni jamaa za pweza. Walikwisha duniani kabla hajazaliwa mtu."

Wenye mistari minene kama mbavu kwenye gamba walikaa droo ya tatu ya kabati lake. Droo ya saba ilikuwa na gamba moja tu, dogo kama kifungo cha koti, lenye vinundu ukingoni. Kwa miaka kumi na miwili alishikilia kwamba hiyo ni aina mpya, na kwenye kibandiko chake, palipoandikwa "ametambuliwa na", alishajaza jina lake. Ijumaa mtaalamu angekuja kuamua. Shati lilikuwa limeshapigwa pasi.

Alhamisi alinipa nimshikie gamba kubwa la droo ya tatu, lililopasuka katikati. Nikalitazama ndani.

"Babu, hawa walikua kuanzia wapi?"

"Kati kwenda nje. Pale kati ndipo utoto wake."

"Mbona huyu utotoni alikuwa na vinundu?"

Akavaa miwani. Akalileta lile dogo, akahesabu vinundu: kumi na tisa huku, kumi na tisa kule. Akavua miwani. Nikatamani kuumeza ulimi wangu.

"Hata huyu wangu," nikajitetea, nikimpapasa mwanangu kichwani, "alizaliwa na nywele tele, zikapukutika zote. Bibi yake alipokuja tena akauliza huyu ni wa nani."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Miaka kumi na miwili nimemtenga mtoto na mama yake! Na shati nitalivaa vilevile."

Akalilaza lile dogo droo ya tatu, kando ya lile kubwa. Kisha akachana kibandiko cha zamani, akanipa kipya na kalamu.

"Binti yangu, niandikie wewe, mkono wangu umezoea kosa. Andika: mtoto. Na hapo chini, kwenye 'ametambuliwa na', weka jina lako."