Karatasi Namba Kumi na Saba

Saa tatu asubuhi, ukumbi wa mikutano wa hoteli ni mtupu, viti vimepandishwa juu ya meza, na mama wa miaka hamsini na saba analamba ukuta.

Halambi sana. Anagusa kwa ncha ya ulimi, anarudi nyuma hatua mbili, anafumba jicho moja na kulitazama lile doa la mate kabla halijakauka.

"Mbao ikilowa inakuonyesha rangi itakayokuwa nayo ikipakwa vanishi," anaeleza bila aibu. "Hata maji ya kopo yanafaa. Ila kopo mpaka ulitafute. Ulimi ninao."

Kazini walimwita Mama Karatasi. Karatasi zenyewe ni vinia, yaani mbao zilizokatwa nyembamba kama jalada la daftari, ambazo hubandikwa juu ya mbao za bei poa ili kabati la kawaida nalo litembee kifua mbele.

Aliingia kiwandani akiwa binti wa miaka ishirini na mbili. Gogo lilichemshwa shimoni siku tatu mpaka lilainike, kisha likapelekwa kwenye kisu kirefu kuliko mlango. Kila kisu kiliposhuka, karatasi moja ilitoka ikifuka mvuke. Yeye aliipokea, akaiandika namba kwa nyuma kwa penseli nene, akaiweka juu ya mwenzake.

Kuruka namba kulikuwa marufuku. Karatasi mbili zilizofuatana zina mistari inayofanana kama mapacha. Ukizifungua kama kitabu, zinatazamana. Ukichanganya mpangilio, ukuta unapata makengeza.

"Na ile harufu," anasema. "Mvule uliochemshwa unanukia kama chai iliyosahauliwa jikoni. Mpaka leo nikiisikia popote nashtuka, nadhani nimechelewa zamu."

Aliyeendesha kisu alikuwa kijana mrefu, mwenye kelele kuliko mashine yake. Siku hizi ni mumewe. Mashine ilishazimwa.

Kiwanda kilifungwa miaka kumi na moja iliyopita. Sasa Mama Karatasi anafanyia kazi kibarazani kwake: meza ya huyu, mlango wa kabati la yule. Kazi tatu kwa mwezi zikipatikana, anasema mwezi umemheshimu.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ni ukuta wa ukumbi huu. Karatasi arobaini na nane za mvule mmoja, zimepangwa kuanzia mlangoni hadi dirishani. Na ukuta huohuo ndio uliomwaibisha.

Ni miaka thelathini na tatu sasa. Mafundi walipofika karatasi ya kumi na sita, iliyofuata ikawa ya kumi na tisa. Msimamizi wa kiwanda alimsimamisha mbele ya wafanyakazi arobaini. "Binti huyu namba anaandika vizuri," alisema. "Kuhesabu ndiko kunakomshinda." Akamrudisha nyumbani siku tatu bila malipo.

Pengo likazibwa kwa karatasi mbili za mti mwingine. Siku ile zilifanana. Ila mbao nazo huzeeka, kila mti kwa tabia yake. Mvule ukaiva, ukawa na rangi ya asali nzito. Zile mbili zikabaki njano kama mgonjwa.

Mwezi uliopita, meneja mpya wa hoteli alimwita.

"Mama, hapo katikati panaonekana kama kiraka cha suruali," alimwambia. "Tunabomoa ukuta wote. Tunaweka plastiki yenye sura ya mbao."

"Sura ya mbao gani?"

"Mbao tu."

"Miaka yote ile kiwandani, mti uitwao Mbao Tu sijaupokea."

Meneja alicheka, na pengine kicheko hicho ndicho kilichomlainisha. Akampa wiki mbili: aondoe kiraka, la sivyo ukuta unashuka.

Sasa utapata wapi karatasi mbili za mti uliokatwa miaka thelathini na tatu iliyopita? Alijua mahali pamoja tu: chumbani kwake. Ubao wa kichwani wa kitanda chao ulibandikwa karatasi mbili za mvule huohuo. Mumewe aliuleta wakati wa uchumba, karatasi zikiwa zimeshabandikwa, akisema ni mabaki ya mwisho wa mzigo.

Mzee hakulifurahia wazo hilo hata kidogo.

"Kitanda kiache, mke wangu. Kina kumbukumbu."

"Kumbukumbu zimo kichwani. Leta pasi."

Alitandaza kitambaa chenye maji, akapitisha pasi ya moto polepole, gundi ya zamani ikalegea, akapenyeza kisu chembamba. Asubuhi nzima iliishia hapo. Karatasi ya kwanza ilipobanduka, akaigeuza.

Nyuma yake, kwa penseli nene na kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na namba kumi na saba. Ya pili hakuwa na haja ya kuigeuza, lakini aliigeuza. Kumi na nane.

"Baba watoto," aliita. "Hizi ndizo za mwisho wa mzigo?"

Mumewe alisimama mlangoni, hakuingia. "Inategemea unaanzia kuhesabu wapi."

"Miaka thelathini na tatu naambiwa sijui kuhesabu, kumbe mwizi analala upande wa ukutani."

"Zilikuwa nzuri kuliko zote. Nikasema, anayezipanga karatasi hizi kila siku, nitamleteaje makombo?"

"Na siku tatu nilizokaa nyumbani nikilia?"

"Ndizo nilizokuja kukuposa," alijibu mzee. "Ningekukuta wapi tena mchana?"

Mama Karatasi anakiri kwamba alinuna hadi jioni. "Ila kununa huku unacheka ni kazi ngumu," anasema. "Inachosha mashavu."

Kwa kuwa chumbani mwanga ni hafifu, karatasi zilikuwa hazijaiva kama za ukutani. Alizianika kibarazani siku nne, akizigeuza kama mtu anayeanika nguo ya mtoto. Leo, kiraka kikiwa kimeshabanduliwa, anazilamba, anaulamba ukuta, analinganisha. Kisha anapaka gundi.

Saa nane mchana meneja anaingia na tochi. Anapitisha kiganja kutoka mlangoni hadi dirishani, anarudi, anapiga magoti.

"Ziko wapi?" anauliza.

"Zipo."

"Nionyeshe basi."

"Sikuonyeshi."

Meneja anazima tochi. Ukuta unabaki, anasema. Watu wa plastiki atawapigia mwenyewe.

Mama Karatasi anakusanya vyombo vyake taratibu. Bado ana shughuli moja. Msimamizi wa zamani yu hai, ana miaka themanini na minne, na masikio yake bado ni mazima. Jumapili anakwenda kumwona, na mumewe anatangulia.

"Mimi nitakaa kimya," anasema Mama Karatasi. "Namba kumi na saba aieleze yeye."

Mzee ameshajaribu kujinasua. Ameshauri wapige simu.

"Simu?" mkewe anauliza, akifunga mfuko. "Mimi nilisimama mbele ya watu arobaini. Yeye atasimama mbele ya mmoja. Na shati nimeshampigia pasi."