Kipimo cha Mama Kinangoja Afe

(Msomaji huyu wa Dodoma ameomba tufiche jina lake. Jina la kaka yake tumelibadilisha.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeachika, ninaishi na mama yangu mzazi hapa mjini. Ninafanya kazi maabara, katika utafiti wa ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee.

Mama anao ugonjwa huo. Huniita kwa jina la shangazi yake, hutia chumvi kwenye chai. Majuzi jirani alimkuta alfajiri amesimama uani kwake, kanga mkononi, mwilini hana kitu. Mnajua mzee akikutwa hivyo huitwa nani. Tangu hapo watoto hawatumwi kwetu, na kaka yangu Idrisa, aliyefungua duka barazani baada ya shirika lao kubinafsishwa na yeye kupunguzwa, hapati hata mnunuzi wa kiberiti.

Ili kumtetea mama nilimpeleka kaka kazini, aone kwamba huo ni ugonjwa. Nilimwonyesha kichupa kinachotoka Ulaya, hukaa kwenye barafu. Ndani mna kingamwili inayonasa protini moja tu ya ubongo wa binadamu. Tunaidondoshea kwenye kipande chembamba cha ubongo, tunakitia rangi, na penye ugonjwa huonekana madoa ya kahawia chini ya hadubini. Kaka aliyatazama sana. Aliporudi mtaani akatangaza kwamba kipimo cha kumsafisha mama jina kimepatikana.

Jioni akaniuliza mama atapimwa lini. Nikamwambia vipande vile ni vya marehemu, kwa mtu aliye hai kipimo hicho hakifanyiki. Akasema, "Kwa hiyo, bi daktari, unangoja mama afe umpasue."

Hilo nilikuwa nimeshaliwaza. Sisi ni Waislamu. Maiti huoshwa na kuzikwa mzima, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Nikitamka leo kwamba nataka kipande cha ubongo wa mama, mchawi nitakuwa mimi. Nisipotamka, atazikwa na jina hilo.

Asubuhi moja akili ilimrudia, nikamweleza yote. Alisema, "Mwanangu, kichwa hiki kikikufaa kichukue, mimi kimeshanishinda." Kabla sijamaliza kufuta machozi akaniita shangazi na kuniamkia shikamoo. Ruhusa ya namna hiyo nitamwonyesha nani?

Sasa kaka anataka nimtoe mama damu mbele ya watu, kisha niseme nimeyaona madoa. Anasema hakuna atakayejua. Nisipofanya hivyo, Ijumaa baada ya swala jamaa watampeleka kwa mganga mmoja huko ng'ambo ya Makutupora, anayewanyoa vikongwe na kuwanywesha dawa. Wa mwisho kupelekwa kutoka mtaa wetu alirudi akitapika, tukamzika.

Nilikuwa karibu kukubali kusema uongo. Jana jirani yule yule akaja, mpole, na bakuli la zabibu. Akauliza kama mama mkwe wake naye nitampima. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi kitu, ila amezidi maneno. "Wewe mpime tu, dada. Akikutwa hana ugonjwa, tutajua ni kitu gani."

Zabibu zile bado ziko mezani. Mama anazila moja moja, ananiuliza ni za arusi ya nani. Wasomaji wenzangu, Ijumaa imekaribia. Mama yangu nimwokoe kwa uongo utakaomponza mama wa mwenzangu, au niseme kweli nimtoe wangu kwa mganga? Mwenye njia ya tatu aniandikie.