Sekunde Kumi na Moja za Kamukuywa

Cheptoo alikuwa na miaka minane walipoingia kwao na mapanga. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa mapigano ya Mlima Elgon, na baba yake alikuwa zizini. Walikuja watu saba. Wawili aliwatambua kwa sauti, maana walizoea kupita pale kuomba maji. Akiwa chini ya kitanda aliwasikia wakimuuliza baba swali moja mara tatu. Mara ya nne hawakuuliza. Mama alipomvuta ili watoroke kupitia nyuma, panga lilimpata Cheptoo begani, likapasua nyama hadi mfupa.

Mama na mtoto walifika Kitale juu ya lori la mahindi, wakapanga chumba nyuma ya msikiti. Kwa miezi mitano mtoto hakutamka neno. Jirani yao Fadumo, aliyeuza vitambaa, alimkalisha kibandani kwake kila siku na kumsemesha tu bila kungoja jibu, mpaka siku moja Cheptoo akamwambia mteja, "Hiyo ya kijani imeisha," na Fadumo akaangusha mkasi.

Alipomaliza kidato cha nne aliajiriwa na Mohinder, mzee wa Kisikh mwenye duka la redio na spika mjini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujaribu maikrofoni zilizotengenezwa.

"Wewe sema kitu," Mohinder alimwambia.

"Niseme nini, mzee?"

"Sema jina yako. Mic haichagui."

Akasema. Sauti ikatoka kwenye spika kubwa iliyoelekea barabarani, nzito na pana, na watu wawili upande wa pili wakageuka. Tangu hapo alijifunza kila kitu kilichokuwa dukani: kuunga waya, kunasa sauti, kuikata na kuipanga kwenye kompyuta. Mwaka wa 2021 Mohinder alimpa chumba cha juu afundishe vijana, wale waliomaliza shule na kubaki wakiegemea kuta za mji. Aliwafundisha kuandika mchezo wa redio, kusimama mbele ya watu bila kumeza maneno, kumuuliza mtu swali na kumngoja ajibu.

Waliokaa walikuwa kumi na mmoja. Suad, bintiye Fadumo, alikuwa na masikio makali kuliko wote. Angeweza kukuambia pikipiki inayopita ni ya nani. Nyongesa, kijana wa Webuye mwenye miaka ishirini, alikuwa zamani katika kundi la kukodiwa kuvuruga mikutano ya siasa. Alikuwa amevunja watu meno, na hakuficha. Siku ya kwanza alikuja na kisu ndani ya soksi. Cheptoo alimwambia kisu kibaki nyumbani, mikono anaihitaji kwa kazi nyingine.

Mchezo wao mkubwa ulihusu familia iliyovamiwa. Walihitaji mlio wa panga likikata mwili, wakajaribu kabichi, kisha shina la mgomba. Nyongesa aliposhusha panga kwenye mgomba, Cheptoo aliteremka ngazi, akatapika nyuma ya duka, akanawa uso, akapanda tena.

"Rudieni," alisema. "Mic ilikuwa mbali."

Ule mchezo ndio uliowapeleka Kamukuywa, Bungoma, siku ya soko. Walitaka mlio wa pikipiki iliyopigwa resi, injini ikinguruma, na wa kinu cha kusaga, pamoja na makelele ya watu wengi. Walikwenda watatu. Cheptoo aliingia kwenye kinu kuomba ruhusa ya kurekodi. Suad na Nyongesa walibaki steji ya bodaboda, Suad akiwa na kinasa sauti begani na vifaa vya kusikilizia masikioni, Nyongesa akishika maikrofoni.

Kijana mmoja wa bodaboda, Khaoya, aliwakaribia akicheka. Alimwangalia sana Suad. Walipomweleza wanachotaka, alipiga tangi la pikipiki nyekundu iliyokuwa imeegeshwa pale, ufunguo ukining'inia.

"Washa tu, bro. Hii ni yangu, si ya mtu. Piga resi mpaka uchoke, lakini huyu dada anipatie namba."

Haikuwa yake. Mwenyewe alikuwa hotelini akila. Nyongesa alikalia pikipiki, akawasha, akasogeza maikrofoni karibu na bomba la moshi, na akavuta mafuta. Mwenye pikipiki alitoka mbio mdomo ukiwa na chakula.

"Mwizi! Mwizi wa nduthi! Pikipiki yangu!"

Mwezi huo pikipiki tatu zilikuwa zimeibwa pale, na mwendeshaji mmoja alikutwa kwenye shamba la miwa koo limekatwa. Hakuna aliyeuliza kitu. Nyongesa alivutwa kwa shati, akaanguka na pikipiki juu ya mguu wake. Jiwe la kwanza lilimpiga mdomoni. Alijaribu kusema, meno yakatoka na damu. Mtu akamchapa kwa mnyororo wa baiskeli usoni, akapiga kelele ambayo Cheptoo aliisikia mpaka ndani ya kinu, juu ya mngurumo wa mashine.

Alipofika nje, watu walikuwa zaidi ya mia. Alipita chini ya mikono yao. Nyongesa alikuwa amejikunja, jicho la kushoto limekuwa donge jeusi, na mtu mmoja alikuwa akimruka mbavuni kwa miguu yote miwili, akitua na kuruka tena. Cheptoo alimlalia.

"Ni mwanafunzi wangu! Si mwizi! Ni mwanafunzi!"

"Hata huyu ni wao! Pigeni wote!"

Mpini wa jembe ulishuka, akauzuia kwa mkono, akasikia vidole viwili vikivunjika. Mwingine ukampata mgongoni. Palepale, kati ya miguu ya watu, alimwona Khaoya, ambaye hakumjua bado, akiokota jiwe na kulitupa. Lilimpata Nyongesa shingoni.

"Reteni petroli!" mtu alipaza sauti. "Reteni tairi!"

Tairi ilikuja ikiviringishwa. Mtu alimshika Cheptoo miguu akamburuta pembeni, na hapo ndipo alipogongana na Suad. Msichana alikuwa amesimama kama aliyepigiliwa misumari, kinasa sauti kifuani, taa yake nyekundu bado inawaka.

"Madam, mwenyewe alituambia tuwashe," Suad alisema, akionyesha kinasa sauti. "Iko hapa. Alisema ni yake. Iko hapa."

Hatua kumi kutoka hapo muuza dawa ya panya alikuwa ameacha mkokoteni wake wenye spika mbili na amplifaya. Cheptoo alikimbia huko. Mkono mmoja haukufanya kazi, kwa hivyo Suad alichomeka waya huku yeye akitafuta mwanzo wa kile walichonasa. Alifungua sauti mpaka mwisho.

"Washa tu, bro," spika zikasema juu ya soko zima. "Hii ni yangu, si ya mtu. Piga resi mpaka uchoke..."

Aliirudia. Akairudia tena. Mara ya tatu aliyeshika chupa ya petroli alisimama. Walioinama juu ya Nyongesa wakainua vichwa. Sekunde kumi na moja, kisha mlio wa injini, kisha tena.

"Hiyo si ni sauti ya Khaoya?" mwanamke wa ndizi alisema.

Cheptoo hakuwa amefikiria hatua hiyo. Alitaka tu waache. Aliwaona wakigeuka wote kwa pamoja, wakitafuta, na kijana aliyekuwa na jiwe la pili mkononi akaliangusha na kuanza kurudi nyuma.

"Nilikuwa nafanya mchezo!" Khaoya alilia. "Nilikuwa nafanya mchezo tu, bana!"

"Umetufanya tuue mtu!"

Mwenye pikipiki ndiye aliyemfikia kwanza. Cheptoo alizima ile sauti, akashika maikrofoni ya muuza dawa, akawaomba kwa Kiswahili, kwa Kibukusu chake kibovu, akawasihi kwa mama zao. Spika zilibeba kila neno. Hawakusikia. Walimpiga Khaoya kwa mawe yaleyale na mpini uleule, dakika nne, mpaka gari la polisi lilipofika na kufyatua risasi hewani, na soko likabaki tupu na viazi vikiwa vimekanyagwa.

Wote wawili walilazwa hospitali moja Bungoma, vitanda vikitazamana. Nyongesa alipoteza jicho la kushoto na meno sita, na taya lilifungwa kwa waya. Khaoya hakuamka. Siku ya tatu, saa saba mchana, alikufa kwa kuvuja damu kichwani. Nyongesa aliwaona wakimfunika shuka. Aliomba karatasi akaandika: *Ni yeye?* Cheptoo akaitikia kwa kichwa. Nyongesa aligeukia ukuta.

Wiki mbili baada ya mazishi Cheptoo alikwenda kwa mama yake Khaoya, mkono ukiwa na plasta. Mohinder alimkataza. "Huko watakuua wewe," alisema. Akaenda. Alimkuta mama akipepeta maharagwe, akajitambulisha akiwa bado amesimama mlangoni.

"Ni wewe uliweka ile sauti?"

"Ni mimi, mama."

"Ulijua watamgeukia?"

"Sikujua. Nilitaka waache kumpiga wangu."

"Na ungejua?"

Cheptoo alikuwa amejiuliza hilo kila siku. "Ningeiweka," alisema. "Walikuwa wameshaleta petroli. Ningeiweka halafu ningekimbia nisimame mbele ya wako pia. Hilo ndilo sikufanya. Nilibaki kwenye spika."

Mama aliendelea kupepeta. Kuku walikuja, akawafukuza. Mwishowe aliuliza kama ile sauti bado ipo. Picha za mwanawe alikuwa nazo, akasema, lakini sauti hapana. Simu ya marehemu iliibwa palepale sokoni. Cheptoo alikuwa na nakala kwenye simu. Alimwekea, na kabla injini haijawaka akaizima. Mama aliweka ungo chini.

"Anacheka," alisema. "Rudia."

Alirudia mpaka betri ikaisha. Hakukaribishwa chai, wala hakufukuzwa.

Siku ile, mara tu Cheptoo alipozima ile sauti, Suad alikuwa amekiwasha tena kinasa sauti kirekodi. Kilinasa karibu yote: mawe, kelele, majina watu waliyoitana. Polisi walihitaji mtu wa kueleza kilichomo. Kwa wiki tano Cheptoo na Suad walikaa chumba cha juu, mmoja akisikiliza na mwingine akiandika, dakika kwa dakika, nani amesema nini. Suad alitambua sauti kumi na mbili. Alikonda. Fadumo alikuja kumwondoa, akamwambia Cheptoo kwa hasira, "Nilikufundisha kusema, mwanangu. Sikukupa binti yangu asikilize watu wakifa." Suad alikataa kuondoka.

Habari zilifika Kamukuywa. Asubuhi moja wanaume watatu waliingia dukani wakijifanya wateja. Mmoja alifunga mlango. Walimuuliza Mohinder mashine iko wapi, na aliponyamaza wakampiga kwa spika ndogo kichwani mpaka kilemba kikalowa damu. Cheptoo alishuka na kile kinasa sauti, akakiweka sakafuni. Walikiponda kwa kisigino, wakavunja vioo vya kabati, wakamkanyaga vidole vilevile vilivyokuwa vikipona. Walipoondoka, Mohinder, ameketi kati ya vioo, aliuliza kama kuna nakala.

"Ziko tatu, mzee. Moja iko kwa wakili."

"Basi leta maji," Mohinder alisema. "Na funga duka leo."

Kesi ilichukua mwaka na nusu. Cheptoo alisimama kizimbani siku mbili, akaulizwa kama mwanafunzi wake hakuwa zamani mtu wa fujo, akajibu kwamba alikuwa. Wanaume wawili walifungwa, mmoja wao mwenye pikipiki. Wengine kumi waliachiliwa kwa sababu sauti peke yake haikutosha. Mtu aliyekuwa akimruka Nyongesa mbavuni hakujulikana kamwe. Katika zile dakika zote hakutamka neno lolote.

Darasa lilipungua hadi wanafunzi wanne. Baba yake Nyongesa alimrudisha Webuye akaapa mwanawe hatagusa maikrofoni tena. Mwaka jana, mwezi wa Juni, Nyongesa alitokea kwenye ngazi, amevaa miwani nyeusi, sauti imebadilika kwa sababu ya taya.

"Baba anajua umekuja?" Cheptoo alimuuliza.

"Anajua. Alinuna, lakini amenipa nauli."

"Unaweza kuvaa vifaa vya masikio?"

"Dakika kumi hivi. Nikisikia watu wengi wakiongea kwa pamoja, natapika."

"Basi utaanza na mtu mmoja mmoja," Cheptoo alimwambia, akamwonyesha kiti. "Kuna bibi wa Moi's Bridge anatoa historia ya maisha yake. Anaongea polepole sana. Anahitaji mtu wa kumsikiliza."

Nyongesa alikaa. Alijaribu kuchomeka waya akakosa tundu, kwa kuwa jicho moja halipimi umbali vizuri. Akajaribu tena. Cheptoo, ambaye vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo, hakumsaidia. Alifungua dirisha, akaenda kuwaita wale wanne waliokuwa wakinunua mandazi, maana saa tatu ilikuwa imefika na somo lilikuwa halijaanza.