Nilipowaambia Wakwe Wasonge Lori Lipite

Aibu hii siwezi kuificha, maana walioiona walikuwa wengi kuliko viti tulivyokodi, na hadi leo nikipita mtaa wa Mamboleo kuna mtu ataniita "Mwenye boma!" na wenzake watacheka mpaka washike magoti. Basi afadhali niisimulie mwenyewe.

Kazi yangu ni kusimamia miradi ya ujenzi hapa Kisumu. Shule niliiacha mapema wazazi walipofariki, nikabeba zege mtaani Manyatta ili wadogo zangu wasome, na kilichonipandisha hadi nikawa msimamizi ni kwamba najua kupanga kazi. Kila asubuhi huwaambia mafundi kuna kazi inayopiga kelele na kuna kazi iliyo muhimu, na mara nyingi si kazi moja (mwenye nyumba akitaka rangi ya dirisha atapiga simu kutwa, msingi haupigi simu, lakini ukiusahau utausikia siku ukuta unapoanguka). Hilo nalihubiri kama pasta.

Sasa sikia nilichofanya siku wakwe walipokuja kumposa dada yangu Atieno, nyumbani karibu na Ahero. Atieno ndiye kitinda mimba wetu. Alipoanza kuongea aliniita Baba, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrekebisha. Kwetu wageni wa posa hawavuki lango hadi baba wa boma awakaribishe yeye mwenyewe, na baba wa boma ni mimi. Asubuhi ile alinishika mkono wa suti mpya, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, leo usiende mbali."

"Niende wapi?" nikamjibu.

Chai haijapoa, simu ikalia. Alikuwa mwenye hema tulilokodi kwa sherehe: lori lake limezama kwenye tope kando ya mashamba ya mpunga. Ningeweza kumtuma mtu (boma lilijaa binamu wenye misuli, wamekaa wakinusa pilau), lakini msimamizi ni msimamizi. Nikarukia boda boda nikisema narudi sasa hivi.

Tope la Ahero halijui cheo. Tulisukuma, gurudumu likazunguka, likanipaka kuanzia nywele hadi viatu, mwenye hema akanihurumia akanipa ovaroli yake ya akiba, na lori lilipochomoka nikapanda juu ya vyuma, najiona shujaa, nikimharakisha dereva njia nzima. Langoni nikakuta watu wamejazana, wamevaa vizuri, na mimi (Mungu anisamehe) nikadhani ni majirani waliowahi chakula. Nikapiga ubavu wa lori kwa kiganja: "Wazee, songeni! Songeni kabisa! Mnazuia kazi!"

Wakasonga. Mzee mmoja mwenye bakora ilibidi ashikwe mkono ashuke mtaroni. Akaniinulia macho.

"Kijana, hatuzuii kazi. Tunamngoja mwenye boma atukaribishe. Ukimwona huko ndani, mwambie jua limetuchoma, na tusipopokewa tutarudi ng'ambo ya ghuba ya ziwa tulikotoka."

"Nitamwambia, Mzee," nikasema, na lori likaingia.

Nilijificha nyuma ya hema lililokuwa linasimamishwa. Nioge? Nitafute shati? Mikono yenyewe ikaanza kupigilia vigingi, kwa sababu kigingi nilikijua, na la kusema langoni sikulijua kabisa. Shangazi yangu, kwa Kijaluo tunamwita Waya, akanikuta hapo.

"Odhiambo! Watu wanageuza gari, wewe unapiga nyundo?"

"Waya, nanawa kwanza."

"Nawa! Ukimaliza utamkaribisha nani, kuku?"

Nyuma yake, mlangoni pa jikoni, nilimwona Atieno amevaa gauni lake. Hakulia, hakuniita. Alinitazama tu. Nikaiacha nyundo ikaanguka.

Nilikwenda langoni na ovaroli ile ile, mgongoni imeandikwa HEMA NA VITI VYA KUKODI. Gari la kwanza lilikuwa limeshaelekea barabarani. Nikasimama mbele yake.

"Mzee, mwenye boma nimempata. Ni mimi. Nisameheni, karibuni nyumbani."

Mzee wa bakora akashusha kioo. "Wewe uliyesema tunazuia kazi?"

"Ni mimi."

"Na kazi yenyewe ilikuwa ipi?"

Nilitafuta pa kujificha nikakosa. "Kazi yenyewe, Mzee, ilikuwa kuwapokea ninyi."

Alicheka mpaka bakora ikaanguka miguuni pake, na wengine wakapata ruhusa ya kucheka. Waliingia, wakala chini ya hema lililoinama upande mmoja (vigingi sikuvimalizia), na posa ikakubaliwa. Jioni Atieno aliniletea maji ya kunawa. "Baba, hema lingengoja," akasema, basi, akarudi kwa wenzake.

Mafundi bado nawahubiria, ila sasa simu ikilia naangalia kwanza ni nani yuko karibu nami na hasemi kitu. Na kuhusu harusi, mwenye hema nimeshamwambia mapema: siku hiyo akizama, azame.