Msiba Uliojaza Kamera

Kazi ya Koplo Asteria ni kuhoji vifaa. Polisi wenzake pale Shinyanga huhoji watu. Yeye hupelekewa saa za mkononi, spika za sebuleni, kamera za getini, aseme zimeona nini na zimesikia nini. Wengi hudhani ni kazi ya kukaa kwenye kiyoyozi. Mngemwona siku ile anashuka kwenye gari Mwakitolyo, huko kwenye machimbo ya dhahabu, vumbi hadi kwenye kope, mgongo umekufa ganzi, msingesema hivyo.

Broka mmoja wa dhahabu, Ignas, alikuwa ameuawa uani kwake. Aliyeshikwa ni Mayala, bodaboda aliyemrudisha nyumbani. Mayala alishikilia kwamba alimshusha getini akaondoka, na kwamba geti lilifunguliwa na mtu asiyemjua. Juu ya geti hilo palikuwa na kamera, zile ndogo zinazorekodi kitu kikipita tu, na memori ikijaa zinafuta picha za zamani zipate nafasi.

Mjane wa Ignas alimpokea Asteria vizuri, akamhakikishia kuwa kamera haikuguswa wala kuzimwa tangu siku ile. Asteria akachomoa kadi ya memori kwenye kamera, akanakili vilivyomo kwenye kompyuta yake, akaanza kutazama.

Akaona wanawake wanaingia na kuni. Akaona wazee na viti vya plastiki, watoto wanakimbizana, ng'ombe anaburutwa kwenda kuchinjwa. Msiba wote ulikuwamo, kila aliyeleta pole, kila aliyetoka kuvuta sigara, na kila aliyepita alisukuma nje picha za nyuma yake. Jioni ya Ignas ilikuwa imefutwa na watu waliokuja kumlilia. Alijaribu kufufua zilizofutika. Hakupata kitu.

Nje, mbali kidogo, alikuwa anasubiriwa na Mariana, mama yake Mayala, ambaye uani mle hakutakiwa.

“Imemtaja mwanangu?”

“Haijamtaja mtu, mayu,” alisema Asteria, akimwita mama kwa Kisukuma. “Imefutika.”

“Basi na ninyi msije mkasema imemtaja.”

Mpelelezi wa kesi akapiga simu. Alitaka kujua jambo moja: siku ile kamera inaonyesha mtu mwingine yeyote zaidi ya Mayala? Asteria aliegemea ukuta. Angejibu hapana, wala usingekuwa uongo. Faili lingesonga mbele, naye angewahi gari la kurudi.

“Hapana, afande,” alisema, kisha akavuta pumzi. “Na Mayala haimwonyeshi. Haionyeshi siku ile kabisa. Nitaandika hivyo.”

Mpelelezi aliguna. Akasema kama ni hivyo, ile pikipiki ni ya mkopo na ina kifaa cha kuonyesha ilikopita. Waliomkopesha wako Kahama, aende kesho asubuhi.

Asteria akaitikia. Akakaa kwenye jiwe, akavua kiatu kukung'uta mchanga, na Mariana akaja kukaa kando yake, wakangoja gari.