Idd Tuliyomtembeza Sultani

Mwanangu, geuza hiyo ndoo ukalie tuongee. Nimekuita kwa sababu ya yule msichana wa mtaa wa Fedha aliyeondoka hapa jana akilia, lakini tutamfikia. Kwanza niache nicheke, maana kila nikiikumbuka hadithi hii, kicheko hunitangulia. Nakumbuka Idd moja ambapo watu wazima, na nguo zao mpya na manukato, walisimama kwenye uwanja huu huu wakimwomba Mungu farasi anye. Unisamehe kwa neno hilo. Ukikaa na farasi muda mrefu utaona ni neno tamu sana.

Wakati huo nilikuwa msichana mbichi, sijaolewa. Nyumba za Komarock hazikuwa zimefika huku, palikuwa na nyasi, mbigili na upepo, na kando ya barabara duka, kanisa na karakana ya mabati. Mama Njeri, mjane mwenye shamba hili, alikuwa ameuza ng'ombe wake akaanza kupokea farasi waliotupwa. Kuna waliokuwa wa mashindano wakazeeka, kuna waliobebeshwa watoto kwenye viwanja vya sikukuu mpaka migongo ikachubuka. Watu walisema mama huyo ameingiwa na wazimu. Mimi nilikuja kumtekea maji tu, nikanasa, na mpaka leo sijabanduka.

Sultani, farasi wa hadithi hii, aliokolewa na shangazi yangu Zaituni, mama yake Salim. Shangazi aliuza vitambaa soko la Gikomba, na asubuhi moja, akitoka kwake Shauri Moyo kwa miguu, alimkuta farasi mweupe kando ya jalala anatafuna majani ya kabeji, mbavu zote nje, hana mwenyewe. Maishani mwake hakuwa amegusa farasi. Lakini siku hiyo aliacha biashara, akasimama naye tangu asubuhi, akiwafukuza wenye mikokoteni waliomtamani, mpaka mimi na Mama Njeri tulipopata habari tukafika kumchukua. Yeye ndiye aliyempa jina. Akatangaza kwamba huyu ni mgeni wake, na atakayemwonea amemwonea yeye.

Huku, Mama Njeri alimlisha nyasi kavu, fungu dogo, baadaye fungu dogo tena. Alituambia kwamba mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu, tumbo lake limesahau kazi, na kazi hurudishwa polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilielewa kwa sababu nilikuwepo akisema. Shangazi hakuwepo.

Basi Idd ikafika. Nawe unatujua sisi Waislamu wa Shauri Moyo, siku ya Idd hatuli tukashiba na mtu wetu yuko na njaa, na mgeni ndiye hupakuliwa kwanza. Shangazi alitoka kuswali, akakusanya wanawake wa ploti yao na watoto wao, wakaja huku kutembea. Kichwani alikuwa na beseni la pumba na mahindi ya kuchemsha, limekolezwa sukari guru. Mimi nilikuwa nyuma kwenye bomba. Mama Njeri alikuwa banda la mbali akimsafisha farasi mwingine kwato. Lango letu halikuwa na kufuli, hata leo halina.

Niliporudi na maji nilikuta beseni jeupe, limelambwa. Shangazi alikuwa amemkumbatia Sultani shingoni, machozi yanamtoka kwa furaha.

"Ameshiba, Rehema," aliniambia. "Leo mgeni wangu ameshiba."

Haukupita muda Sultani akaanza kugeuza kichwa na kuliangalia tumbo lake. Akaparua ardhi kwa kwato. Jasho likamtoka masikioni na shingoni. Kisha akaanguka chini, akabingirika, miguu juu. Watoto walicheka wakidhani anacheza. Mama Njeri alikuja mbio, akatusaidia kumwinua, akaweka sikio ubavuni.

"Kimya," alisema. "Tumbo la farasi hunguruma kutwa. Likinyamaza hivi, kuna shida."

Fundi mmoja wa karakana, aliyesikia kelele, akakimbia dukani kumpigia simu daktari wa mifugo, akarudi na jibu. Daktari yuko upande wa pili wa mji, atachelewa. Mpaka afike, farasi atembezwe taratibu na asiachwe kubingirika, kwa sababu utumbo ukijisokota ndani, hata daktari hana la kufanya. Akinya, amepona.

Hapo mimi nikapandwa na hasira. Nilimgeukia shangazi yangu, dada ya baba yangu, mbele ya majirani zake na watoto wao, siku ya Idd, nikamwambia, "Wewe umemuua." Nikaendelea. Nikamwambia hana akili, nikamwambia aende zake asirudi hapa. Beseni lilimponyoka. Akaanza kurudi nyuma kuelekea langoni, mtandio umefunika uso.

Mama Njeri hakupaza sauti. Aliniuliza, "Rehema, hayo maneno yako yatamtoa Sultani mavi?"

Nikasema, "La."

"Basi yafunge. Mpe shangazi yako kamba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Hata Shangazi alisimama pale langoni akamwangalia.

"Mimi?" aliuliza. "Na mikono hii hii iliyomlisha?"

"Hiyo hiyo, Mama Salim," Mama Njeri alisema. "Sisi tumemjua juzi na jana. Wewe ulisimama naye jalalani kutwa. Akikuona wewe atainua mguu."

Na kweli, mwanangu, kabla ya hapo nilikuwa nimemvuta mpaka viganja vinauma, naye amekunja magoti anataka kulala. Shangazi alishika kamba, akavua viatu vyake vya Idd akavitupa kando, akamwambia, "Twende, Sultani wangu, twende baba." Sultani akatega masikio. Akanyanyua mguu mmoja, akanyanyua wa pili. Moyo wangu uliruka nikasahau hasira yote.

Sasa sikia ajabu ya siku hiyo. Tulianza kuzunguka uwanja, Shangazi mbele, mimi ubavuni, Mama Njeri upande wa pili. Wanawake wa Shauri Moyo hawakukubali kukaa, wakaingia nyuma yetu. Mafundi wa karakana wakaacha mabati yao wakaja. Waumini waliokuwa wakitoka kanisani, maana ilikuwa Jumapili, wakaona msafara wa watu wenye kanzu na buibui wakimfuata farasi, wakauliza, wakaingia nao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila Sultani alipotaka kuanguka, bega la mtu lilikuwa hapo. Shangazi akikaukiwa na sauti kwa kumbembeleza, mwingine anaimba, huku kaswida, huku wimbo wa kanisani, na Sultani anasonga. Vumbi lilitupaka wote rangi moja. Niliogopa sana siku ile, lakini sijawahi tena kujisikia niko na watu namna ile.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Mama Njeri alipotusimamisha. Akaweka sikio tena ubavuni. Watu wote wakasogea, hata watoto.

"Linanguruma," alisema.

Kijana mmoja wa karakana akamwambia mwenzake, "Buda, angalia mkia." Mkia ulikuwa unainuka. Mwanangu, yakashuka, na vigelegele vikapigwa. Nimehudhuria harusi nyingi, hata yangu mwenyewe, na sijasikia vigelegele kama vile vya mavi ya farasi. Mafundi walirushiana kofia. Shangazi alikaa chini palepale na nguo yake ya sikukuu, akawa anacheka na kulia, na Sultani akainamisha kichwa kumnusa mtandio. Daktari alifika akatukuta tunacheza. Alimpima, akamdunga sindano, akasema yaliyobaki ni maji na subira.

Watu walipotawanyika, Mama Njeri alimwita Shangazi kando, wao wawili tu. Akamwonyesha fungu la nyasi, akamweleza habari ya tumbo lililosahau kazi, yote ambayo mimi nilikuwa nayajua na sikuwahi kumwambia. Tangu hapo Shangazi alikuja kila wiki mpaka uzee ulipomfungia nyumbani. Hakuna mtu aliyejua kumlisha farasi mwenye njaa kumshinda yeye, na hakuna farasi wa hapa aliyeugua tena kwa kushibishwa, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama langoni kuwaelekeza wageni.

Sasa tumefika kwa yule msichana. Ndiyo, alimpa yule farasi jike mgonjwa mkate. Alikosea. Wahenga walisema nia njema ni tabibu, lakini hata tabibu lazima ajue kipimo cha dawa. Jike ni mzima, nimetoka kumwona sasa hivi, tumbo lake linanguruma vizuri. Lakini wewe ulimfokea yule mtoto mbele ya wenzake, ukamwambia asirudi, na nilisikia sauti yangu ya zamani kinywani mwako.

Nasaha yangu ndiyo hii. Ukiona jambo limeharibika, kwanza litengeneze. Lawama ina siku yake, na ikifika, iwe ya watu wawili, pembeni. Na aliyekosea kwa mapenzi usimfukuze, maana mapenzi yenyewe hayanunuliwi Gikomba, kipimo ndicho hufundishwa. Laiti Mama Njeri angemwacha Shangazi apite lile lango, Sultani angekufa mikononi mwangu, mimi niliyekuwa nikijua kila kitu.

Mungu akupe huruma, akupe na subira ya kuigawa kidogo kidogo. Aufanye mkono wako uwahi kabla ya ulimi wako. Na siku wewe nawe utakapokosea, mwanangu, maana itafika, akuletee mtu wa kukukabidhi kamba. Amina.

Haya, simama. Fedha si mbali, na kamba ya Shangazi ile pale msumarini. Ichukue uende nayo, umpelekee yule msichana.