Manifoldi ya Gari la Bibi Harusi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikisikia gari la kijana linaunguruma mtaani lazima niikumbuke. Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya manifoldi unayotaka kuagiza, nikakurudishia simu, ukadhani sielewi. Naelewa vizuri sana. Manifoldi ya hewa ndiyo mikono inayogawa pumzi ya injini. Zamani ilikuwa inapokea hewa na petroli kutoka kwenye kabureta na kuzipeleka kwenye kila silinda. Magari yenu siku hizi hayana kabureta, lakini pumzi ni ileile.

Enzi zile za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa kuingia, maduka ya spea Kariakoo yalijaa vitu vya mtumba kutoka Japani ambavyo sisi vijana wa Temeke tulikuwa tukivisikia tu. Nilikuwa na gari dogo aliloniachia marehemu baba. Jumapili tulishindana barabara ya Pugu, na Sefu, rafiki yangu wa Kipawa, alikuwa ananipita kila wiki kisha ananipungia mkono. Siku nyingine zote nilimpenda, Jumapili simpendi.

Fundi Mosi, aliyekuwa na gereji Kinondoni, akanitafutia manifoldi mbili nichague. Moja ilikuwa fupi, njia zake pana, inabeba kabureta mbili, inang'aa mpaka unajiona uso. Nyingine ilikuwa na njia ndefu nyembamba, haina hata sura.

"Hii pana inataka mwendo," akaniambia. "Ukikanyaga mafuta, inaruka. Ukienda polepole inakohoa, na inaweza kukuzimikia. Hii nyembamba haina makuu, ila inavuta tangu chini. Chagua mwenyewe, mie nafunga yoyote."

Nikazichukua zote mbili nikazitazame nyumbani, ingawa moyoni nilishachagua ile pana.

Jumamosi ya wiki ile dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa, na mimi ndiye wa kumpeleka kwa mumewe. Kwetu gari la bibi harusi linakwenda nyuma ya wapiga matarumbeta wanaotembea kwa miguu, na halizimwi mpaka lifike. Likizimika njiani mashangazi wananuna, na maneno yake yanamfuata bibi harusi mpaka azae. Mama alinikuta uani naisugua ile pana kwa kitambaa. Nikamweleza kwa furaha jinsi gari litakavyokimbia.

"Jumamosi unambeba nani?" akaniuliza.

"Zuhura, mama."

"Na hao wa matarumbeta wanakimbia?"

Nikaendelea kusugua.

"Baba yako angekuwepo angempeleka mwenyewe. Hayupo, umebaki wewe. Kama hilo gari unawatengenezea wenzio wa Pugu, sema mapema nimtafutie mwanangu teksi."

Wala hakupandisha sauti. Akaenda kuanua nguo zake kambani, na mimi nikaona aibu kuliko kama angenichapa.

Nikarudi kwa Fundi Mosi, nikafungiwa ile nyembamba. Shingo upande, nisikudanganye. Ile pana akaichukua Sefu hukohuko gereji, tena huku anacheka.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Matarumbeta yakawa yanasimama kila njia panda, mashangazi wanashuka kucheza, na gari langu linasubiri kwa sauti ya chini bila kukohoa. La Sefu, lililokuwa nyuma yetu kwenye msafara, lilizimika tukiwa bado mtaani, akasukumwa na wenzake waliovaa kanzu, na watu wakacheka sana. Lakini hilo silo ninalolikumbuka zaidi.

Mama wa bibi harusi haendi na msafara, anabaki nyumbani. Tulipofika mwisho wa mtaa wetu, Zuhura, aliyekuwa akilia ndani ya shela, akanigusa bega. "Kaka, nirudishe mlangoni nimwone mama tena." Nikageuza gari, nikapita mbele ya nyumba taratibu kabisa, injini ikiunguruma kwa sauti ya chini, vioo vimeshushwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni peke yake, anamwombea mwanawe kwa sauti ndogo, na tukamsikia neno kwa neno. Zuhura akaitikia amina. Mama hakuishi sana baada ya hapo, na dada yangu mpaka leo dua ile hajaisahau.

Sefu aliendelea kunipita barabara ya Pugu, safari hii ananiacha mbali zaidi. Manifoldi yake ilikuwa nzuri na ilimfaa, na kunipita kwake kunaniuma kidogo hadi sasa. Basi, mwanangu, usianze kwa kuuliza ipi inaliongezea gari kasi. Jiulize kwanza gari lako linashinda kwenye barabara gani, kwa mwendo gani, na nani anakaa kiti cha nyuma. Ukishajua, nunua inayofaa hapo, hata kama haina sura, na wenzio wakicheka waache wacheke. Mambo mengine ya maisha nayo yachague hivyohivyo.

Mungu akuepushe na ajali, akufungulie njia, na kila utakayempakia umfikishe salama, ashuke akikuombea.